Nusu ya Kibao Aliyonyimwa Mzee Lonnie

Tangu nirudi, kila nikiingia chumba cha walimu nakutana na swali lile lile: "Mwalimu Elia, ni kweli ulikwenda mpaka Ulaya kumsaidia babu wa miaka tisini kumpiga mzungu na mpira?" Ni kweli. Ila wasimuliaji wameshaongeza chumvi mpaka juzi mpishi wa shule akanipa pole ya kufungwa. Jamani, sikufungwa. Niliaibika tu, tena mara nyingi na katika nchi mbalimbali. Basi naandika yote hapa, msome kwa zamu, mniache nisahihishe madaftari.

Morogoro hadi Dar, nikiwa nimeuvaa mzigo

Wengi wenu mnajua nafundisha besiboli, mchezo ambao hapa shuleni mnauita kriketi ya Wajapani. Kwa ambaye hajawahi kushuka kiwanjani kututazama: kuna mrushaji, anasimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja. Kuna mpigaji mwenye gongo, anasimama kando ya kibao cheupe kilicholazwa chini, ambacho mpira unatakiwa upite juu yake; akiupiga hukimbilia kituo cha kwanza. Nyuma ya kibao amechuchumaa mdakaji, ambaye kazi yake ni kumwonyesha mrushaji kwa vidole mpira aupeleke wapi, kisha audake. Mdakaji ni mimi. Niliwahi kuitwa kambi ya timu ya taifa, jambo ambalo sijawahi kumficha mtu yeyote. Ninachosahau kusema ni kwamba nilikuwa mdakaji wa tatu, na mdakaji wa tatu kazi yake ni kudaka chupa za maji.

Mdogo wangu Neema anaishi Brussels, anatunza wazee majumbani. Siku moja akapiga simu. "Kaka, kuna mzee wangu anataka mdakaji."

Mzee mwenyewe anaitwa Lonnie, Mmarekani mweusi. Ujanani mwake, enzi za ubaguzi, alikuwa mrushaji katika ligi za weusi, maana zile za wazungu mtu wa rangi yake alizitazama kwa mbali. Baadaye jeshi likampeleka Ujerumani, mwanamke wa Kibelgiji akamchukua kutoka huko, naye Lonnie akafanya kazi ya kutengeneza lifti kwenye maofisi ya Brussels mpaka akastaafu. Sasa mke amefariki na yeye amebaki na Neema. Klabu moja ndogo ya besiboli nje kidogo ya mji ilikuwa imesikia habari zake, ikamwomba arushe mpira wa kufungua msimu.

"Amekubali," Neema akasema, "lakini hataki kumrushia mtu asiyejua. Anasema kuna mpira mmoja ambao hakuwahi kuruhusiwa kuurusha, na anataka aurushe kabla hajafa. Bega limebakiza kidogo sana, kaka, daktari ameshamwambia. Klabu wako tayari kukuleta. Nimewaambia wewe ni mdakaji wa timu ya taifa."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angemsahihisha dada yake. Mimi nikasema, "Mwambie nakuja."

Habari za tiketi na viza naziruka, bado zinanichefua. Tuanzie kaunta ya uwanja wa ndege, ambako begi langu lilizidi uzito. Vilikuwemo vifaa vyangu vya udakaji: ngao ya kifua, kofia yenye barakoa ya chuma, na magamba ya plastiki ya kukinga miguu toka gotini mpaka kwenye nyayo. Yule binti wa kaunta akaniambia nipunguze. Nikapunguza kwa kuvaa. Nikafunga ngao kifuani, nikafunga magamba miguuni, kofia nikaishika mkononi, kisha nikaondoka kwa hadhi yote ya mtu ambaye magoti yake hayakunjiki vizuri.

Addis, ndani ya kiti cha magurudumu

Addis kulikuwa na ukungu na ndege zikakwama. Kwenye ukaguzi, askari alinizunguka, akagonga ngao yangu kwa kidole, akauliza hiki ni nini. Nikasema besiboli. Hakuelewa. Mwalimu ni mwalimu tu, nikaamua kumfundisha kwa vitendo: nikachuchumaa pale pale, nikanyoosha glavu isiyokuwepo. Kuchuchumaa nilichuchumaa vizuri. Kuinuka ndiyo ikawa kesi.

Mama mmoja wa Kihabeshi aliyekuwa nyuma yangu akapiga kelele ya huruma. Akaita watu. Walipoona miguu yangu imefungwa plastiki toka juu mpaka chini na uso umekunjamana, wote wakaelewa jambo moja: huyu amevunjika. Kabla sijajieleza kikaletwa kiti cha magurudumu, nikakalishwa, nikasukumwa nikiwapita watu wote kwenye foleni. Nataka niseme kwamba nilikataa. Sikukataa. Foleni ilikuwa ndefu, na kiti kilikuwa na mto.

Yule mama akakaa nami saa zote za ukungu. Alinikatia mkate wa kwao mkubwa wa duara, wenye harufu ya iliki, akaninunulia kahawa, akaniuliza kwa ishara kama ni gari lililonigonga. Nikajaribu kumweleza, akanipapasa bega akanikatia kipande kingine. Ilipofika zamu ya kupanda, nikaingizwa wa kwanza. Kwa hiyo safari nzima ya kwenda Ulaya ilinibidi nikienda msalani nichechemee, maana mama alikuwa kiti cha nyuma yangu na alikuwa ananiombea.

Begi langu, ambalo halikuwa na mtu wa kulisukuma, lilibaki Addis.

Midi, siku ya gulio

Nilifika Brussels, basi, nikiwa na shati la mikono mifupi, ngao ya kifua na magamba. Neema alikuwa ameniagiza: panda treni, shuka Midi, usiondoke hapo. Nikashuka Midi. Ilikuwa Jumapili, na nje ya stesheni kulikuwa na gulio kubwa, watu wamebeba mifuko ya machungwa na mashada ya kotimiri, wauza nguo wanaitana. Baridi iliniingia mpaka kwenye meno. Ile ngao niliyokuwa naionea haya ndiyo iliyoniokoa, nami nikaipenda kama blanketi.

Neema hayupo. Kumbe upande wa maofisi ya Umoja wa Ulaya kulikuwa na maandamano, tramu zimebadilishiwa njia, naye anazungushwa mji mzima. Mimi nikasimama karibu na muuza zeituni mmoja wa Kimoroko. Muuza zeituni akaniangalia miguu, akaniangalia kifua, akaanza taratibu kuwaondoa wateja wake. Kisha akaniuliza kitu, na katika maneno yake yote nilielewa moja tu: polisi. Alidhani nimetumwa kuwapiga waandamanaji na nimepotea njia.

Nikacheka, nikatikisa kichwa, nikamwonyesha jinsi meno yanavyogongana. Naye akacheka. Akaniletea chapati yao ya pembe nne iliyokunjwa na jibini na asali, akakataa malipo, na Neema alipofika akiwa anahema alinikuta nimesimamishwa kulinda zeituni wakati mwenyewe ameenda kujisaidia.

"Kaka," Neema akasema akiniangalia juu mpaka chini. "Please. Niambie una nguo nyingine."

Matonge, mlango wa nyuma

Mzee Lonnie anaishi ghorofani mtaa wa Matonge, walikojaa Wakongo, juu ya mgahawa wa Maman Béa, mama wa Lubumbashi mwenye sauti ya kufukuza ndege shambani. Neema akanipitisha hapo kwanza ili nipate joto.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Shikamoo!" Maman Béa akapasuka kwa kicheko, akawageukia wateja. "Munasikia? Batu ba Tanzania banasemaka kama ku radio! Donc njo weye kaka ya Neema. Karibu, papa. Bon, na ile bilato bya ku miguu, unaenda ku vita?"

Bilato kwao ni viatu. Akanikalisha, akaniletea bukari, ambayo ni ugali wetu ule ule ukiwa na pasipoti nyingine, na sombe, yaani kisamvu, na samaki mkubwa. Nikala bila kuinua kichwa. Nilipokiinua, niliona kwenye mlango wa jikoni, ule wa kutokea uani, mzee mrefu mwembamba mwenye koti kuukuu na kibakuli cha bati mkononi. Amesimama tu nje, anasubiri.

Huruma ikanishika. Nikajiambia, hata Ulaya masikini wapo. Nikachukua nusu ya samaki wangu, nikaenda mpaka mlangoni, nikamwekea kwenye kibakuli kwa mikono miwili na kumwambia kwa Kiingereza, Mungu akubariki, baba.

Akala kipande kimoja palepale kwa vidole, polepole. "Samaki mzuri," akasema. "Wewe ndiye mdakaji?"

Neema alijifunika uso kwa kitambaa cha meza.

Maman Béa ndiye aliyenieleza mzee alipopanda juu. "Ule muzee, miye nimufanye je? Miaka yote anapitiaka ku mulango ya nyuma. Namwambia, papa, ingia, ikala ku meza kama bengine. Anakatala. Siku moja client akaniuliza: maman, weye unabaguaka batu beusi? Miye! Mutoto wa Lubumbashi! Nilitaka nimupige na mwiko."

Baadaye nilimuuliza mwenyewe. Alisema timu yao ilizunguka kusini yote kwa basi, wakilala humo humo, kwa sababu hoteli hazikuwataka. Migahawa ilikuwa inapokea pesa zao dirishani kwa nyuma na kuwapa chakula ndani ya karatasi, wakala wakiwa wamesimama. "Sasa najua ninaruhusiwa kuingia," akaniambia. "Miguu ndiyo haijaambiwa." Akasema hivyo kama mtu anayetaja kiatu kinachombana, kisha akaniuliza magoti yangu yana hali gani. Nikasema mazuri. Mungu anisamehe.

Bustanini, nikiwa nimevaa suti ya mtu mwingine

Begi likaendelea kufaidi Addis, kwa hiyo Maman Béa akanipa nguo za mumewe aliyekuwa safarini Kinshasa. Mumewe ni msapere, wale wanaume wa Kikongo ambao nguo kwao ni ibada. Nilikwenda mazoezini bustanini nikiwa na suti ya rangi ya haradali, suruali imeishia juu ya kifundo, na skafu ya hariri. Juu ya hiyo suti nikafunga magamba. Watu waliokuwa wakitembeza mbwa walisimama kabisa.

Mzee Lonnie akasimama mbali, akavuta pumzi, akainua goti kidogo, akarusha. Mpira ukaanguka katikati ya njia ukajiviringisha taratibu mpaka miguuni kwangu. Nikauokota. Nikatembea mpaka alipo, nikamkabidhi kwa mikono miwili huku nimeinama kidogo, nikarudi. Akarusha wa pili. Nikaokota, nikatembea, nikamkabidhi. Wa tatu hivyo hivyo.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nakurudishia mpira, mzee."

"Mdakaji anaurusha!"

"Kwetu mzee hatupiwi kitu, anapewa mkononi."

Akaangalia mawingu kwa muda. "Kijana, kwa mwendo huu nitakufa kabla ya mpira wa nne."

Nikajilazimisha. Nikamrushia kwa adabu nyingi mno, ukaishia njiani, ikabidi mzee wa watu ainame kuufuata. Neema akanigombeza mbele ya mbwa.

Kesho yake tukaanza ishara. Neema alikuwa amenieleza kwamba siku ya ufunguzi mwenyekiti wa klabu, Bwana Wouter, atasimama na gongo kando ya kibao kama mpigaji, kwa heshima tu, na atapiga hewa makusudi ili mzee afurahi. Mimi nikawaza kama mgeni aliyelelewa vizuri: hawa watu wamenileta kwa gharama zao, siwezi kukubali mwenyekiti wao aguswe. Kwa hiyo kila mara nilionyesha kidole kimoja, kisha nikagusa paja la kulia na kusogeza glavu niliyoazimwa na klabu mbali na anaposimama mpigaji. Maana yake: rusha nje. Mzee akaitikia kwa kichwa, akarusha nje. Nikaonyesha nje tena. Akaitikia, akarusha. Nje tena.

Kisha akatia mpira mfukoni, akaenda kukaa kwenye benchi, akatugeuzia mgongo.

Nilidhani ni bega. Nikamfuata, nikapiga goti mbele yake, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu magoti yalikuwa yameshaamua. Akaongea, na sauti yake ilikuwa na hasira.

"Nilikuwa na miaka ishirini. Tulicheza na timu ya wazungu katika mji mdogo. Mechi ya kirafiki, wanaiita. Mpira ukaniponyoka, ukampiga mpigaji wao mbavuni. Unajua kanuni inasemaje?"

"Aliyepigwa anatembea mpaka kituo cha kwanza, mchezo unaendelea."

"Hawakuendelea. Watazamaji wao waliruka uzio. Uwanja mzima. Tukakimbilia basi huku wanatutupia chupa. Mdakaji wangu, Cleve, rafiki yangu, alipoteza meno. Toka siku hiyo bosi akaamuru: ukiwarushia wazungu, nje tu. Na Cleve akawa ananionyesha nje tu, naye analia kwa ndani. Wapigaji wao wakajua. Wakawa wanasogea, wanaegemea kibao, wanapiga mipira yangu wanavyotaka, kwa sababu wanajua sitathubutu kurusha ndani, karibu na miili yao." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Halafu ligi zao zikaanza kufungua mlango kidogo. Wakatuma watu kutuangalia nani anafaa. Wakaniona narusha nje, nje, nje. Wakasema huyu ana mkono mzuri lakini mwoga. Mimi! Mwoga!"

Neema alikuwa ameshaanza kulia.

"Basi la mjini lilikuwa na upande wao," mzee akasema. "Bomba la maji lilikuwa na upande wao. Hilo nililijua tangu nazaliwa. Lakini kibao, Elia! Kibao hakizidi upana wa sahani mbili, na nusu yake waliichukua. Sitaki kumpiga mtu. Nataka kurusha ndani mara moja, mzungu mmoja arudi nyuma hatua moja, nikalale. Na wewe umevuka nusu ya dunia kuja kuniambia nirushe nje."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na suti yangu ya haradali. Nimewahi kuaibika, lakini hii ilikuwa ya aina yake, kwa sababu nilikuwa nimejiona mstaarabu.

Uwanjani, nje kidogo ya mji

Tulikwenda kwa gari la Maman Béa, mzee mbele, mimi na Neema nyuma tumebanwa na sufuria, maana Maman alikuwa amesikia kwamba huko uwanjani wanauza viazi vya kukaanga tu na akasema mgeni wake hatakufa kwa viazi. Akapotea njia mara kadhaa, kila mara akiilaumu serikali. Tulifika manyunyu yameshaanza na watu wamejifunika plastiki kwenye viti vya mbao.

Bwana Wouter ni mtu mrefu, mwekundu, mwenye kucheka. Dhamiri ikanisukuma nimwendee. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba mzee huenda akarusha ndani, karibu naye kabisa, kwa hiyo awe tayari kurudi nyuma hatua.

Akanishika bega. "Ana miaka tisini! Arushe popote anapotaka."

Nikamwambia tena. Akacheka tena. Nafsi yangu ikatulia, nimeshatimiza wajibu.

Walikuwa wamechora alama ya chokaa karibu na kibao, mahali pa kusimama mzee ili asichoke. Mzee Lonnie akaiangalia ile chokaa, akaipita. Neema akamshika kiwiko, wakapanda taratibu mpaka kwenye kichuguu chenyewe, mbali kabisa. Neema akamwacha hapo akarudi pembeni.

Nikachuchumaa. Bwana Wouter akasimama kando ya kibao na gongo lake, anatabasamu kwa ajili ya picha. Nikanyoosha kidole kimoja. Kisha nikagusa paja la kushoto. Ndani.

Mzee akatazama. Akatikisa kichwa.

Mrushaji akitikisa kichwa maana yake nionyeshe kitu kingine. Nikachanganyikiwa. Nikamwonyesha nje. Akatikisa kichwa tena, kwa nguvu. Magoti yangu yakaanza kuomba msaada kwa watakatifu. Ndipo nikaelewa kwamba hajakataa. Hakuwa ameamini macho yake. Nikanyoosha kidole kimoja tena, nikagusa paja la kushoto nikauacha mkono hapo hapo, na glavu nikaipeleka ndani kabisa, karibu na goti la mwenyekiti.

Akaitikia kwa kichwa.

Akainua goti. Sijui nguvu ile aliitoa wapi, kwa maana mpira haukuanguka katikati kama bustanini. Ulipanda, ukaja polepole ndani ya manyunyu, kila mtu anauona, na Bwana Wouter naye anauona, anautabasamia. Kurudi nyuma hakurudi. Haikumwingia kabisa akilini kwamba ule mpira unamfuata yeye. Ukadunda mara moja mbele ya kibao, haukuifikia glavu yangu, ukamgonga ugokoni. Nilisikia mfupa ukilia. Mdakaji wa timu ya taifa nikaanguka chali.

Bwana Wouter akapiga ukelele kwa Kiflemi na kuruka kwa mguu mmoja. Watu wote wakasimama.

Nilipoinuka nikamwangalia Mzee Lonnie. Hakuwa anamtazama Wouter. Alikuwa anatazama uzio. Glavu ilikuwa imemdondoka, amerudi nyuma kutoka kwenye kichuguu, mabega yamepanda, anaangaza upande wa maegesho, mahali lilipo gari letu. Nikakimbia. Magamba yanagongana, barakoa imenikaa upande, nakimbia kama ng'ombe aliyefungwa kengele, lakini nilifika.

"Elia," akasema, na kunishika mkono kwa nguvu za ajabu. "Wanakuja?"

"Hapana, mzee. Wanapiga makofi."

"Wanakuja?"

"Hakuna anayekuja. Angalia. Angalia mwenyewe."

Hakuwaangalia watu. Alimwangalia Bwana Wouter, ambaye alikuwa amesugua mguu wake, amesonya, ameliweka gongo chini, na sasa anachechemea, hatua moja moja, kuelekea kituo cha kwanza. Alikifikia. Akapanda juu yake, akashika kiuno, akasimama anasubiri mpigaji anayefuata, kama kanuni inavyosema.

"Ameenda kituoni," Mzee Lonnie akasema.

"Ndiyo, mzee. Ndiyo kanuni."

"Ndiyo kanuni." Akauachia mkono wangu. "Ilikuwa hivi tu. Siku ile walichotakiwa kufanya kilikuwa hiki tu."

Akalia pale pale juu ya kichuguu, bila kujifunika uso, analia kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Nami nikalia ndani ya barakoa ya chuma, ambamo huwezi hata kujifuta. Watu wakadhani ni furaha, wakazidi kupiga makofi.